Mkunjo kwenye Paji la Maria

Mzee wa kwanza kunigombeza kwa Kiswahili mjini Brussels alikuwa Mbelgiji. Nilikuwa namwogesha, maji yakatoka ya moto kuliko alivyopenda, naye akafoka: "Maman, unataka kunipika?"

Ilikuwa miaka ya tisini, kule Laeken, katika nyumba ya kutunzia wamisionari wazee. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha, kuwavalisha na kuwalisha watu waliotumia nguvu zao zote kwetu Kongo, kisha wakarudi kwao kuzeekea kwenye baridi. Huyu alikuwa bruda, si padri. Sisi wa Kivu tulizoea kuwaita frère. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliweza kutambua dirisha liko upande gani, basi. Ila masikio yalikuwa mazima, na nilipomjibu kwamba mtu mkavu kama yeye hapikiki hata kwa kuni za siku nzima, alicheka mpaka akakohoa.

"Uko muntu wa wapi, maman?"

Nikamwambia natoka Kivu, upande wa Bukavu. Akaniuliza kama niliwahi kusikia habari za karakana ya misheni, ambako vijana walifundishwa kuchonga pembe za ndovu. Nilikuwa na taulo mkononi. Nikamwambia karakana hiyo naisikia kila siku tangu niolewe, maana mume wangu alijifunza kazi palepale.

"Bwana yako alikuwa gani? Ule mufupi?"

"Hapana, Frère. Ule murefu. Ule wa kupiga mluzi."

"Ah! Ule wa nguo!" Akanishika mkono ukiwa bado na sabuni, akautikisa kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi wake.

Ule wa nguo. Inabidi nieleze, maana jina hilo ndilo lililotuletea mambo yote. Frère alikwenda Kivu akiwa kijana, na katika sanduku lake alibeba kibao cha pembe ya ndovu, upana wa kiganja, kilichochongwa zamani sana huko kwao Flandria, enzi ambazo makanisa yao yalijazwa dhahabu, mawingu na machozi. Mtindo huo wenyewe wanauita Baroko. Kwenye kibao hicho Bikira Maria ameketi, amempakata mwanawe aliyeteremshwa msalabani. Juu kuna malaika wanaofunika nyuso zao. Hakuna kitu kinachotulia: mawingu yanaviringika, mbawa zinapepea, na vazi la Maria linajaa upepo ingawa mtu ukitazama huoni upepo umeingilia wapi. Mume wangu aliuita upepo wa kanisani.

Kibao hicho kilikuwa ndicho kitabu chao cha shule. Walikinakili tena na tena kwa ajili ya parokia na wageni, na kila kijana alikuwa na sehemu yake. Mmoja alichonga mawingu, mwingine mbawa, mwingine mti wa msalaba. Mume wangu alichonga nguo. Nguo tu, miaka yote ile. Uso wa Maria aliuchonga Frère peke yake. Kibao kilipokuwa tayari kila mahali isipokuwa usoni, kilipelekwa mezani kwake, naye akafunga mlango. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na hakuna aliyeuliza sababu, kama vile hakuna anayemwuliza padri kwa nini ni yeye anayeinua kikombe.

Nilipomvalisha Frère shati siku ile, sauti yake ilikuwa imeshuka. Vita vilikuwa vimepita kwetu, na mgeni mmoja kutoka Bukavu alikuwa amemletea habari: karakana iliporwa, na kibao chake hakijulikani kilipo. "Mwambie ule wa nguo anichongee ingine," alisema. "Siwezi kuiona, lakini niko na kidole. Nataka niiguse tena mbele nikufe."

Nikafika nyumbani na ujumbe huo. Tulikaa Anderlecht, kwenye maghorofa ya manispaa, ghorofa ya juu ambako lifti ilikuja ilipojisikia. Mume wangu alikuwa akibeba makatoni katika ghala. Tangu tufike Ubelgiji alikuwa hajachonga hata kijiti cha meno. Pembe za ndovu zilikuwa zimepigwa marufuku duniani, na yeye hakulalamika. Alisema, "Acha tembo wapumzike, na mimi nipumzike." Lakini patasi zake zilikuwa ndani ya soksi, ndani ya sanduku, chini ya kitanda chetu, na kila nilipofagia aliniambia niangalie.

Alipojua kwamba Frère yu hai alikaa kitini bila kuvua koti. Nilidhani atainuka twende zetu Laeken saa ileile. Wapi! Alisema mwanafunzi haendi kwa mwalimu mikono mitupu. Nikamwambia basi ajaze mikono hiyo upesi, kwa sababu mimi ndiye ninayemwogesha huyo mzee na najua mbavu zake zinavyoonekana.

"Nitachonga nini, mama? Pembe haiko."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," nikamwambia. Akanikazia macho, kwa sababu hapendi kuambiwa methali ambayo yeye mwenyewe huwaambia watoto.

Jumamosi iliyofuata alikwenda sokoni penye machinjio, akarudi na mifupa ya miundi ya ng'ombe, mizito na myeupe. Mfupa si pembe, alinieleza kwa uchungu. Pembe ina mafuta yake ndani, inakubali kisu kama sabuni nzuri. Mfupa ni mkavu na mkaidi, tena ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo kibao kizima hakitoki kwenye kipande kimoja. Lazima uunganishe vipande na ufiche maungio ndani ya mikunjo ya nguo. "Bahati yako nguo unazijua," nikamwambia. Akaguna, lakini niliona amependa.

Kwanza mifupa huchemshwa muda mrefu ili itoe mafuta. Aliweka sufuria kubwa jikoni kwangu, akashuka kununua gundi. Wakati huo wifi yangu, dada yake mkubwa, akaja kututembelea. Akafunua sufuria, akaona mifupa inachemka ndani ya maji matupu, akatuonea huruma. Alidhani umaskini umetufikisha hapo. Bila kuuliza akatia chumvi, vitunguu, nyanya na pilipili, akaketi kungoja kwa moyo mweupe kabisa. Mume wangu aliporudi alisimama mlangoni na gundi yake, akanusa. Wifi akamwambia, "Kaka, ng'ombe yenu haina nyama, lakini nimejaribu." Tulikula ile supu. Ilikuwa tamu kweli, na mifupa ikasafishwa upya kwa sabuni, ingawa harufu ya kitunguu haikutoka yote.

Majira yale yote ya baridi mume wangu alikaa dirishani kila alipopata mwanga. Mchongo wa namna ile unahitaji mwanga wa ubavuni. Mwanga ukija kutoka mbele, kila kitu kinalala na huoni ulichofanya. Brussels haina mwanga wa kugawa, kwa hiyo aliufuata kwa kiti chake, kutoka dirisha la jikoni mpaka la chumba cha watoto. Alinionyesha siri ya kazi: unene wote ulionao ni kama wa kidole kidogo, na ndani yake lazima uweke goti lililo karibu, mkono ulio nyuma ya goti, na wingu lililo mbali sana. Frère aliwafundisha hivi: usichonge pua, chonga kivuli cha pua. Nguo zilitoka mikononi mwake zenyewe, kama mtu anayeongea lugha ya mama baada ya kukaa ugenini. Alianza tena kupiga mluzi. Sikuwa nimeusikia mluzi ule tangu tuondoke nyumbani, na niseme wazi, nilikwenda chooni nikalia.

Mimi mwenyewe nilikuwa mbaya majira yale. Dada yangu huko Bukavu alikuwa amemzika mwanawe, kijana wa kwanza, aliyeuawa na watu wenye bunduki njiani akienda kununua unga. Nilipata habari kwa simu iliyokatika katikati. Tangu siku hiyo niligombana na kila kitu: na lifti, na mvua, na mwanamke wa duka la mkate aliyeniambia nitabasamu. Hasira hasara, husema watu. Kwangu ilikuwa ndiyo iliyoniamsha asubuhi na kunipeleka kazini.

Basi kibao kikaisha. Malaika wapo, mawingu yapo, mwili wa mwana umelala na mkono wake umening'inia, vazi la Maria limejaa upepo wa kanisani. Na juu ya shingo ya Maria, pale penye uso, kulikuwa na kitu laini kama yai.

"Uso uko wapi?" niliuliza.

"Sura ni ya Frère."

Nilidhani anatania. "Papa, Frère haoni. Mikono yake inatetemeka hata kijiko namshikia mimi."

"Hata kidogo. Sura ni ya Frère. Nitamupelekea."

Niligomba siku tatu. Nilimwambia ana wajukuu na bado anaomba ruhusa kama mtoto anayetaka kutoka darasani. Nilimwambia mzee atakufa ameshika yai. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea, kisha akasema hajui. Hakusema anaogopa. Alisema, "Sikufundishwa." Nilipoyasikia maneno hayo nikarudi jikoni, maana hapo hapakuwa na mtu wa kugombeza.

Jumapili baada ya misa tukaenda Laeken, yeye mbele, mimi nyuma, kama tunavyotembea daima. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi za watu. Frère alikuwa kitandani tayari, mito mitatu mgongoni. Mume wangu akapiga magoti kama mvulana, na wale wawili wakashikana vichwa. Kisha akamwekea kibao mikononi.

Sijawahi kuona mtu akisoma kwa namna ile. Dole gumba la Frère lilipanda kutoka chini, kwenye pindo la vazi, likaingia kila mkunjo na kutoka. "Aah," alisema. "Aah, ule wa nguo." Kisha akakipeleka puani. "Mais, lakini hii iko nanuka supu."

"Ni mufupa wa ng'ombe, Frère," mume wangu akasema kwa aibu.

Frère akacheka. Dole likaendelea kupanda: mkono wa mwana, kifua cha mama, shingo. Likafika kwenye yai, likasimama.

"Sura iko wapi?"

"Sura ni kazi ya Frère. Ndiyo ilikuwa sheria."

"Sheria gani?"

"Sisi hatukugusa sura. Frère peke yake."

Mzee alifikiri. Niliona anatafuta kumbukumbu hiyo na haipati upesi. "Ah, bon," akasema mwishowe. "Lakini mwanangu, ile ilikuwa juu ya pembe. Kichwa ndiyo kinatoka juu kupita vyote. Patasi ikiteleza pale, kazi yote inakufa, na pembe ilikuwa mali. Supérieur, mukubwa wetu, angenikata shingo. Ni hiyo tu."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu. Sasa, hii ni mufupa ya supu. Kata."

Mume wangu akainuka akaenda dirishani, akatugeuzia mgongo. Nilitaka kucheka, na nilitaka kumtikisa yule mzee na mito yake mitatu. Maisha mazima mume wangu alikuwa amesimama nje ya mlango ule uliofungwa, akidhani ndani mna jambo takatifu asilostahili, kumbe ndani mlikuwa na hofu ya kuharibu mali. Mabega yake yalikuwa yametulia kabisa. Kisha akasema, bila kugeuka: "Mikono yangu haijui sura, Frère."

"Donc, basi ifundishe. Gusa sura ya muntu."

"Ya nani?"

"Bibi yako si iko hapa?"

Hapo ndipo nilipotamani kuwa mbali na Laeken. Kwetu mtu mzima hamshiki mkewe mbele ya mkubwa wake, sembuse usoni, sembuse mbele ya bruda aliyeweka nadhiri! Tulikuwa tumezaa, tumekimbia, tumezika, tumevuka bahari pamoja, na mume wangu alikuwa hajawahi kuweka viganja viwili usoni mwangu hata tukiwa peke yetu. Si kwamba hakunipenda. Haikuwa desturi yetu, basi. Nikasema nina kazi jikoni. Jumapili ile sikuwa zamu.

"Maman, ikala kwa kiti," Frère akaniamuru. "Na wewe, funga macho. Macho inadanganya. Anza juu ya paji."

Mume wangu alinawa mikono kwenye sinki ya chumbani, akaikausha taratibu sana. Nikakaa kwenye kiti cha wageni. Madole yake yalikuwa makavu, yana makovu ya patasi, na baridi ya maji. Yalifika kwenye paji langu yakasita, kisha yakashuka kwenye nyusi, kwenye mifupa ya mashavu, kandokando ya mdomo. Alikuwa amefumba macho kweli. Mimi nilikuwa nimefumbua, na nilimwona kwa ukaribu ambao sikuwahi: mvi ndani ya nyusi zake, na jinsi midomo yake ilivyotetemeka kidogo kama ya mtu anayesali kimoyomoyo. Frère alikuwa akiuliza kutoka kitandani, "Iko ngumu wapi? Iko laini wapi?" na mume wangu alijibu kwa sauti ndogo.

Tulirudi Anderlecht kwa tramu na metro, kila mmoja akitazama dirisha lake, kama vijana waliofumaniwa.

Aliuchonga uso huo nyumbani, polepole, akinawa mikono na kuniita kila mara. "Mama, kuya kidogo." Nilitoka kwenye vyungu vyangu nikaketi dirishani. Akafumba macho, akagusa, akarudi kwenye mfupa. Watoto walicheka wakakoma wenyewe. Na kila alipomaliza kunigusa nilikuwa na haja ya kumgombeza kuhusu jambo lolote, unga wa mfupa kwenye mapazia, chochote, ili nisione haya.

Siku aliyompelekea Frère kibao kilichokamilika, dole la mzee lilikwenda moja kwa moja usoni. Likakaa. Likapita kwenye pua, kwenye kope, likarudi juu, katikati ya nyusi, pale penye mkunjo mwembamba kama unywele.

"Huyu iko na hasira," alisema.

Mume wangu akainamisha kichwa. "Ndiyo sura ninayojua, Frère."

Nikaona mkunjo unaanza kulaumiwa, nikashindwa kuvumilia. "Mama ambaye wamemuulia mtoto," nikasema, "hasira kwake ni zambi?" Nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyofaa chumba cha mgonjwa, maana sikuwa nikisema habari za Maria peke yake, na wote wawili walijua.

Dole la Frère lilikuwa bado pale. "Ile ya zamani ilikuwa nalia muzuri," alisema. "Muzuri sana. Lakini hii inajua ni nani alikufa."

Tangu hapo kibao kilikaa katika mfuko wa pajama yake. Nikimvua nakikuta, nikimvalisha anakidai kabla vifungo havijafungwa. Mchana kutwa dole lake lilikuwa palepale, katikati ya nyusi, likienda na kurudi. Wakati mwingine nikiingia na chai alisema, "Leo Maman iko na hasira kidogo tu," na sikujua kama anamsema yule wa mfupa au mimi. Akaishi majira yale ya baridi, na kiangazi, na baridi nyingine tena, jambo ambalo daktari hakulitegemea. Alikufa asubuhi moja ya masika nikiwa zamu. Mimi ndiye niliyemwogesha. Maji yalikuwa vuguvugu, kama alivyopenda.

Mkubwa wa nyumba alinirudishia kibao, akasema ni chetu. Mume wangu alikichukua, akakipeleka dirishani, akakigeuza kwenye mwanga wa ubavuni. Akanipa na mimi nitazame. Nguo zilikuwa zilezile, malaika walewale. Lakini paji la Maria lilikuwa laini na linang'aa. Dole la mzee lilikuwa limeula mkunjo wote.

"Basi mwache hivyo," nikasema. "Frère amemtuliza."

Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Frère amepumzika. Sura ni kazi yangu."

Akatoa patasi nyembamba kuliko zote kutoka ndani ya soksi. Akasogeza kiti changu penye mwanga, akaenda kunawa mikono, akarudi akaiweka usoni mwangu, safari hii macho yakiwa wazi.

"Kasirika kidogo," alisema.

Nilijaribu. Nilifikiria lifti. Nilifikiria mvua, na mwanamke wa mkate. Nilimfikiria hata mtoto wa dada yangu, na machozi yakaja, lakini hasira haikuja nayo. Madole yake yalikuwa yamekaa kwenye paji langu yakitafuta mkunjo ule, makavu, yenye makovu, na mimi kila nilipokaza uso ulilegea wenyewe.

"Haiko," akasema.

"Ngoja," nikamwambia. "Itarudi."

Akangoja. Hakuondoa mikono.